Wajibu wa Kulitumikia Taifa kwa Raia Waliolelewa Nje na Kurejea Nyumbani

Maelezo kwa wananchi

Katika wilaya za Kibondo na Kasulu, zilizoko kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, mpaka wa nchi hauko mbali na mashamba ya watu. Mkaazi wa Mabamba huweza kuiona Burundi akiwa shambani kwake, na lugha ya Kiha inayosemwa upande huu inaelewana na Kirundi kinachosemwa upande wa pili. Zipo familia zilizooana kuvuka mpaka, na wapo watoto waliozaliwa na wazazi Watanzania huko Burundi au Kongo, wakasomeshwa huko, kisha wakarejea katika vijiji vya babu zao wakiwa vijana wakubwa. Miongoni mwa maswali yanayoulizwa mara kwa mara na vijana hao na wazee wao ni hili: je, kijana aliyelelewa nje akirudi nyumbani, anatakiwa kwenda jeshini? Na ikiwa hakwenda, atahesabiwa kuwa amekimbia wajibu wake?

Maelezo haya yametolewa ili kuondoa hofu isiyo na sababu, na pia kuwakumbusha wahusika mambo ambayo wakiyapuuza yanaweza kuwaletea matatizo makubwa zaidi ya hilo wanaloliogopa. Yanawahusu pia ndugu zetu wa Visiwani ambao watoto wao wamezaliwa Oman, katika nchi nyengine za Ghuba au Ulaya, kwani msingi wa jambo hili ni mmoja.

WAJIBU WENYEWE UNATOKA WAPI

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika Ibara ya 28, inampa kila raia wajibu wa kulinda uhuru, mamlaka, ardhi na umoja wa taifa, na inaliruhusu Bunge kutunga sheria za kuwawezesha wananchi kutumikia katika majeshi na katika ulinzi wa taifa. Ibara ya 25 inakataza mtu kulazimishwa kufanya kazi, lakini inaeleza kwamba utumishi wa kujenga taifa uliowekwa kwa mujibu wa sheria hauhesabiwi kuwa ni kazi ya kulazimishwa. Ni vyema ikafahamika tangu mwanzo kwamba Ibara ya 28 inamtaja raia. Haikumtenga raia aliyekulia Kibondo na raia aliyekulia Bujumbura.

Hata hivyo, wananchi wengi huchanganya mambo manne yaliyo mbalimbali, nayo yanafaa kutenganishwa.

Kwanza, Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Jeshi hili liliundwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya maasi ya askari wa Tanganyika Rifles ya Januari mwaka huo. Askari wake huingia kwa hiari na kwa kuchaguliwa. Hakuna utaratibu wa kumkamata kijana anayerudi kutoka nje na kumtia katika jeshi hili bila ya ridhaa yake. Maneno ya namna hiyo yanayosikika masokoni hayana msingi.

Pili, Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria. Jeshi hili lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963 na kupewa sheria yake mwaka 1964. Mwanzoni vijana walijiunga kwa kujitolea. Mwaka 1966 utumishi huo ulifanywa kuwa wa lazima kwa wahitimu wa elimu ya juu na vyuo. Oktoba mwaka huo wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kuupinga, hasa kwa sababu ya kupunguziwa mshahara katika kipindi cha utumishi. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao wanafunzi wapatao mia nne, na yeye mwenyewe akajipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Utaratibu huo uliendelea hadi mwaka 1994 uliposimamishwa kwa ukosefu wa fedha, na ulirejeshwa mwaka 2013 kwa vijana wanaomaliza kidato cha sita.

Tatu, Jeshi la Kujenga Taifa kwa kujitolea. Hawa ni vijana wanaoomba wenyewe, na utumishi wao kwa kawaida ni wa miaka miwili.

Nne, mgambo. Jeshi la akiba lilipata nguvu baada ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, na mafunzo yake hutolewa vijijini na mitaani chini ya mshauri wa mgambo wa wilaya. Katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, wanamgambo na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa walipigana bega kwa bega na Jeshi la Wananchi.

Kwa hiyo, mtu anapouliza iwapo atapelekwa jeshini, jawabu sahihi ni kwamba hakuna uandikishaji wa lazima wa kuingia Jeshi la Wananchi. Jambo la lazima lililopo ni mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa yule aliyeitwa.

NANI ANAYEITWA

Kila mwaka, baada ya mtihani wa kidato cha sita wa mwezi Mei, Jeshi la Kujenga Taifa hutoa wito kwa vijana waliohitimu katika skuli za Tanzania Bara. Orodha hupangwa kwa kufuata skuli, na kila kijana hupewa kambi ya kuripoti na tarehe yake. Katika Mkoa wa Kigoma kambi hizo ni Bulombora, Kanembwa, iliyokuwa katika Wilaya ya Kibondo kabla ya Kakonko kuwa wilaya mwaka 2012, na Mtabila katika Wilaya ya Kasulu. Vijana wenye ulemavu unaoonekana kwa kawaida huelekezwa kambi ya Ruvu, mkoani Pwani, ambako kuna miundombinu ya kuwahudumia.

Mafunzo ya kundi hili katika miaka ya karibuni yamekuwa ya miezi mitatu. Kijana huitwa kuruta, hujifunza gwaride, matumizi ya silaha, uraia, kilimo na kazi za mikono, kisha hula kiapo cha utii na kurudi kwao kuendelea na masomo. Kumaliza mafunzo hayo hakumfanyi kuwa askari wa kudumu.

Sasa tuchukue mfano wa kijana aliyezaliwa na kusomeshwa nje. Kwa vile orodha hutoka katika skuli za nchini, jina lake halimo. Akirudi kijijini kwao Makere au Heru Juu na kukuta wenzake wa rika lake wameitwa, yeye atajiona kama mtu aliyesahauliwa, na pengine majirani watamwona kama mtu aliyejificha. Mawazo yote mawili si sahihi. Wajibu huu hutimizwa kwa wito, na asiyeitwa hana kosa la kutokwenda. Kutokuwamo katika orodha, hata hivyo, si msamaha wa kudumu. Yeye ni raia kama raia wengine, na taifa likimwita kwa utaratibu wa sheria atapaswa kuitika.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba kati ya mwaka 1994 na 2013 vijana wengi waliokulia hapahapa nchini hawakupitia mafunzo haya kwa sababu yalikuwa yamesimamishwa, na hata baada ya kurejeshwa, kwa miaka kadhaa nafasi za kambini hazikutosha wahitimu wote. Hakuna anayewahesabu watu hao kuwa wakimbiaji wa wajibu. Aliyerudi kutoka nje asihukumiwe kwa kipimo kikali zaidi ya hicho.

URAIA NDIO SWALI LA KWANZA

Katika wilaya za mpakani, tatizo kubwa la kijana anayerejea ni kuthibitisha kwamba yeye ni raia. Kambi ya jeshi huja baadaye. Hapa ndipo wazazi wengi wanapozembea, na gharama yake ni kubwa.

Kwa mujibu wa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi na baba au mama Mtanzania ni raia kwa kurithi, ikiwa mzazi huyo naye hakuupata uraia wake kwa njia hiyohiyo ya kurithi. Maana yake ni kwamba mtoto wa mtu aliyezaliwa Kasulu huurithi uraia hata akizaliwa Bujumbura. Lakini ikiwa mtoto huyo atakua, atabaki nje na kuzaa huko, wajukuu hawatakuwa na haki hiyo moja kwa moja. Familia zilizokaa nje kwa vizazi viwili zinapaswa kulitazama jambo hili mapema.

Vilevile, sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Baadhi ya majirani zetu wanaruhusu, kama Kenya tangu Katiba yake ya mwaka 2010, na hilo huwafanya watu kudhani kuwa ni hivyo kila mahala. Kijana aliyepata uraia wa nchi mbili kwa kuzaliwa anatakiwa, afikapo umri wa miaka 18, kuukana ule wa nchi nyengine kwa utaratibu uliowekwa ikiwa anataka kubaki Mtanzania. Asipofanya hivyo anaweza kuupoteza uraia wa Tanzania bila ya yeye mwenyewe kutambua, na akaja kujua siku anapoomba kitambulisho au anapokaguliwa karatasi zake.

Historia ya Kigoma inaonyesha kwa nini karatasi hizo zina uzito. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi mwezi Oktoba 1993, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka, na kambi za wakimbizi zikajengwa Kibondo na Kasulu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo, na Nduta ilifunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipokimbia kwa mara nyengine. Mwishoni mwa mwaka 1997 watu wa asili ya Burundi waliokuwa wakiishi vijijini walikusanywa na kupelekwa kambini, wakiwamo waliokwishakaa miaka mingi na kuoana na wenyeji. Mwaka 2013, katika Operesheni Kimbunga iliyofanyika Kagera, Geita na Kigoma, wapo waliotolewa nchini huku wakisema kuwa wao ni Watanzania. Katika nyakati kama hizo, lafudhi ya mtu haiwezi kumsaidia, kwa sababu Kiha na Kirundi zinafanana. Kilichomsaidia mtu ni cheti, daftari la kijiji na ushahidi wa wazee waliomjua baba yake.

Ipo ibra katika kambi zenyewe. Mtabila ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi hadi ilipofungwa mwezi Desemba 2012, na leo ni kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Jina la Kanembwa nalo liliwahi kuwa la kambi ya wakimbizi jirani na kambi ya vijana. Mahala ambapo mtoto mmoja alilelewa akiwa mkimbizi, mwengine hula kiapo akiwa raia, na tofauti iliyopo kati yao ni ya kisheria tu. Mkimbizi hahusiki na utumishi huu na hawezi kuitwa. Aliyepewa uraia kwa tajinisi, kama wale zaidi ya laki moja na sitini elfu wa makaazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu waliotoka Burundi mwaka 1972, ni raia kamili, na watoto wao huitwa sawa na watoto wengine.

UTARATIBU UNAOSHAURIWA

Raia aliyelelewa nje na kurejea anashauriwa kufuata hatua zifuatazo:

1. Ajitambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, aandikwe katika daftari la wakaazi, na apate barua ya utambulisho. Aongozane na mzazi au mzee wa ukoo anayefahamika.

2. Atayarishe cheti chake cha kuzaliwa. Ikiwa alizaliwa nje, atafute cheti cha huko, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya wazazi wake na kumbukumbu yoyote ya ubalozi wa Tanzania. Wazazi walioko nje wanahimizwa kuwaandikisha watoto wao ubalozini mapema bila ya kungoja mpaka wakue.

3. Afike ofisi ya Uhamiaji ya wilaya na kueleza hali yake kwa ukweli, hasa ikiwa ana hati ya nchi nyengine. Kuficha hati ya pili ni kosa kubwa kuliko kuwa nayo.

4. Baada ya uraia wake kutambuliwa, aombe Kitambulisho cha Taifa. Namba ya kitambulisho hicho inahitajika katika maombi ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ya ajira na ya masomo.

5. Vyeti vya skuli za nje avipeleke Baraza la Mitihani la Tanzania ili vilinganishwe na vya hapa. Cheti kisicholinganishwa huweza kukataliwa hata kama mwenye nacho amefaulu vizuri.

6. Ikiwa anapenda kujiunga kwa kujitolea, afuatilie matangazo ya kila mwaka. Maombi na usaili huratibiwa na ofisi za wakuu wa wilaya na mikoa, kuanzia mahala mtu anapoishi. Masharti ya umri na elimu hutangazwa kila mara, na yanaweza kubadilika.

Kwa kijana aliyesoma nje wakati wa utoto lakini akamalizia kidato cha sita katika skuli ya nchini, hali ni tofauti. Jina lake litakuwamo katika orodha, naye ataripoti kama wenzake. Vitu vinavyotakiwa huwa ni bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni, fulana ya kijani, raba za michezo, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, nyaraka za maombi ya chuo na nauli ya kwenda na kurudi. Wazazi wa Kasulu na Kibondo wanajua baridi ya kwao. Anayetoka kwengine na kupangiwa huko achukue nguo za kumkinga.

KWA NINI WENGI HUTAKA KWENDA

Pamoja na hofu za wachache, vijana wengi wanaorejea huomba kwenda kambini wenyewe. Sababu mojawapo ni ya maisha. Kwa muda mrefu sasa vyombo vya ulinzi na usalama vimekuwa vikichukua sehemu kubwa ya askari wapya kutoka miongoni mwa vijana waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa. Kijana aliyelelewa nje asipoitwa wala kujitolea, hujikuta nyuma ya wenzake katika nafasi hizo. Lakini ifahamike wazi kwamba jeshi hili halitoi ajira wala haliahidi ajira baada ya mkataba. Linatoa mafunzo na stadi za kazi.

Sababu ya pili si ya fedha. Kijana aliyerudi na kuzungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kifaransa, ambaye kijijini huitwa mgeni katika nyumba ya babu yake, anapopanga foleni ya chakula na kijana wa Mtwara na mwengine wa Mara, hupata jambo ambalo cheti hakiwezi kumpa. Kuchanganya vijana wa makabila na mikoa mbalimbali kulikuwa miongoni mwa makusudio ya jeshi hili tangu mwaka 1963.

HALI KATIKA NCHI NYENGINE

Si nchi zote zilizo kama yetu. Eritrea huwataka raia wake watumikie taifa kwa amri iliyotolewa mwaka 1995, na jambo hilo limewafanya vijana wengi waliokulia nje waogope kurudi. Falme za Kiarabu zilianzisha utumishi wa lazima kwa wanaume raia wake mwaka 2014. Kwa hiyo, mzazi mwenye mtoto aliyepata uraia wa nchi nyengine aulize pia sheria ya nchi hiyo, kwa kuwa kijana anaweza kuwa huru hapa na kudaiwa kule.

Mataifa yaliliona tatizo hili zamani. Itifaki iliyotiwa saini The Hague tarehe 12 Aprili 1930 ilieleza kwamba mtu mwenye uraia wa nchi mbili, anayeishi katika mojawapo na kufungamana nayo zaidi, asamehewe utumishi wa kijeshi wa ile nyengine. Si nchi zote zilizoikubali, lakini hoja yake inafahamika: mtu mmoja hawezi kutumikia majeshi mawili.

Kwa upande wa Zanzibar, vijana hutumikia pia katika Jeshi la Kujenga Uchumi, lililo miongoni mwa idara maalum za Serikali ya Mapinduzi. Anayerejea Visiwani aulize kwa sheha wa shehia yake kama vile anayerejea Kasulu anavyouliza kwa mtendaji wa kijiji.

TAHADHARI

Wananchi wanakumbushwa kwamba nafasi za kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa haziuzwi. Vilevile hakuna ada ya kusamehewa utumishi. Mtu yeyote anayemwendea kijana aliyerudi kutoka nje na kumdai fedha ili jina lake liingizwe au liondolewe katika orodha ni tapeli, na aripotiwe Polisi au kwa uongozi wa wilaya. Waliorejea ndio wanaolengwa zaidi kwa kuwa hawajui taratibu na wanaogopa kuuliza.

Wazee wa vijiji nao wanaombwa kutimiza sehemu yao. Ushahidi wa mzee mmoja anayesema kweli kwamba kijana huyu ni mtoto wa fulani, aliyezaliwa katika kitongoji hiki na kuondoka mwaka fulani, huweza kumwokoa kijana na usumbufu wa miaka. Na ushahidi wa uongo, ukitolewa kwa undugu au kwa fedha, huwatia shaka wote wenye haki.

Raia aliyelelewa nje anapokanyaga ardhi ya wazazi wake, haki zake na wajibu wake huanza pamoja. Asiziombe haki huku akikwepa wajibu, wala asibebeshwe wajibu huku akinyimwa haki. Aanze kwa mtendaji wa kijiji, na akiwa na swali aulize mapema.